Picha ya Msikiti wa Chanika

Fakihi wa Studio Mpya hakuumbwa kukaa. Temeke nzima walimwita Kiguu na Njia, na mwenyewe hakukasirika, maana ukimkuta anakula utamkuta amesimama, na ukimkuta amelala, miguu yake bado inatafuta njia chini ya shuka. Kitu pekee kilichoweza kumtuliza ni kuinamia kamera yake ya miguu mitatu na kujifunika kitambaa cheusi. Humo ndani alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole, hata pumzi anaivuta taratibu. Akitoka tu, kiguu na njia.

Jumamosi ile ya mwaka wa sabini na tatu, hata kitambaa cheusi kisingemsaidia. Baada ya swala ya alasiri, maonyesho ya picha zake yalikuwa yafunguliwe katika ukumbi wa jamii, mbele ya mkuu wa wilaya na watu wa dini zote, na tangu asubuhi alikuwa akienda na kurudi mpaka mlinzi wa ukumbi akaacha kumsalimu. Picha zenyewe zilikuwa sawa. Kilichomnyima raha ni mgeni mmoja tu kati ya wote walioalikwa. Huyo ni Maalim Kondo wa Chanika, baba yake Mauwa, yaani mkwewe, mtu ambaye kwa mwaka wa saba sasa hakuwa ameitikia shikamoo yake.

Ugomvi wao ulitokana na kamera. Fakihi alikuja Dar es Salaam kijana mbichi kutoka Lindi, akabeba magunia bandarini mpaka mabega yakachubuka, kisha akapata kazi ya kufagia studio ya Mgoa mmoja aliyeitwa Mzee Pinto. Fagio likawa sababu tu. Macho yalikuwa kwenye kamera. Mzee Pinto alipoona huyu mfagiaji anafagia palepale saa nzima, akamfundisha kazi, na somo lake la kwanza ndilo lilikuwa la mwisho: weka mtu kwanza, mengine yatajipanga. Serikali ilipotaifisha majumba, Mzee Pinto akafunga virago akaenda kwa wanawe ng'ambo, akamwachia Fakihi kamera na lile pazia lililochorwa bustani na ndege ya abiria. Hakuna kuli wa Temeke ambaye hakuwahi kupiga picha mbele ya ndege ile, mkono kiunoni, kama vile ndiyo kwanza ameshuka.

Mauwa alikutana naye Chanika, enzi bado yuko kwa Mzee Pinto, kwenye harusi aliyotumwa kupiga picha. Alipopeleka posa, Maalim Kondo alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akamwambia kwamba binti yake haolewi na mtu anayejaza kuta za watu sura za viumbe. Nyumba yenye sura ukutani malaika hawaiingii, alisema, na mie sitampeleka mwanangu mahali malaika hawaingii. Mauwa naye alikuwa na kichwa kigumu, na tusijifanye hatujui alikirithi wapi. Akaenda kwa kadhi mjini, kadhi akamwita baba, baba akakataa kuja, na kadhi akamwozesha mwenyewe. Tangu siku hiyo Mauwa hakukanyaga kwao, wala baba yake hakumtaja.

Mtu akikwambia maisha ya namna hiyo yanazoeleka, mwambie hajayaishi. Mauwa alikuwa amepoteza mimba mbili. Majirani walisema ni kukosa radhi, na ingawa Fakihi aliwafokea, Mauwa hakuwafokea, kwa sababu na yeye alikuwa akisema hivyohivyo moyoni. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi mitano, chakula hakikai tumboni, na mifupa ya shingo imetokeza.

"Hii nataka kuizaa nikiwa na radhi ya baba," alimwambia mumewe. "Basi. Sitaki kingine."

Ndipo Gozbert akaja studio. Gozbert alikuwa afisa utamaduni, mwenyeji wa Bukoba, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Alitaka kufanya maonyesho ya picha za nyumba za ibada za Dar es Salaam, kuanzia makanisa makubwa ya bandarini mpaka misikiti ya udongo ya huko pembezoni, ili wananchi waone kwamba ni taifa moja.

"Nataka majengo, Ndugu Fakihi," akasema. "Kuta, minara, madirisha. Mtu asionekane hata mmoja."

"Hata mmoja hutamwona," akajibu Fakihi, na mguu wake ulikuwa umeshatoka nje.

Kusema ni rahisi. Siku ya kwanza alisimamisha kamera mbele ya kanisa, akajifunika kitambaa, akatafuta. Kanisa lilikataa. Jicho lake halikujua pa kutua; likienda mnarani linateleza, likienda mlangoni linateleza. Tangu azaliwe hakuwahi kupiga picha isiyo na mtu. Jasho likamtoka, filamu zenyewe siku zile zilipatikana kwa kubembeleza. Mwishowe akamwambia Mauwa, aliyemsindikiza kumbebea mkoba, "Hebu simama pale pembeni kidogo." Mauwa akasimama, akaweka kanga yake sawa, na kanisa lote likatulia kama ng'ombe aliyefungwa.

Basi ikawa ndiyo mtindo. Msikiti wa Ijumaa, Mauwa yuko pembeni. Hekalu la Wahindi, Mauwa yuko pembeni. Binti wa maalim wa Chanika, na mimba yake, akasimama mbele ya milango ya dini zote za mji huu, wapita njia wakidhani ni mama mmoja aliyepotea anayetafuta ibada. Halafu huko kwenye chumba cha giza nyuma ya studio Fakihi alikuwa akizichapa picha, anachukua rula na wembe, anakata ule upande aliosimama mkewe. Vipande vyake alivikusanya ndani ya kopo la maziwa, kwa sababu kuvitupa hakuweza.

Picha moja tu ilikataa wembe. Walikwenda Chanika siku ambayo Maalim alikuwa amesafiri kwenye msiba Kisarawe. Mauwa ndiye aliyejua, na Mauwa ndiye aliyechagua siku. Msikiti ulikuwa mdogo, wa udongo uliopakwa chokaa, paa la makuti, mlango wa mninga uliochongwa maua na babu yake Mauwa. Utotoni Mauwa ndiye aliyekuwa akifagia uwanja wake kila Alhamisi. Fakihi alipomwonyesha pembeni pa kusimama, hakwenda. Alivua ndala zake, akazipanga, akapanda kwenye kizingiti, akageuka.

"Nipige hapahapa," akasema.

"Hapo sitaweza kukukata."

"Nimekwambia unikate?"

Aliipiga. Na kwa kuwa Mauwa alitaka, akaichapa kubwa kuliko zote. Ilikuwa picha nzuri, na yeye alijua ilikuwa nzuri, na ndiyo maana aliificha uvunguni. Maana Gozbert alikuwa ameshakwenda Chanika kumwomba Maalim Kondo aje kusoma dua, na Maalim alikubali kwa sharti moja, kwamba kwenye picha hizo pasiwe na sura ya mtu. Gozbert akamhakikishia. Hakujua kwamba anaongea na mkwe wa mpiga picha wake, na Maalim naye hakuambiwa mpiga picha ni nani. Fakihi aliyajua yote mawili akanyamaza. Alipiga hesabu zake: mzee aje, aone ukumbi mzima hakuna sura hata moja, moyo ulainike, na hapo ndipo yeye ajitokeze na shikamoo yake. Akamwambia Gozbert kwamba picha ya Chanika imeharibika. Gozbert alisikitika sana, fremu yake ilishatoka kwa mafundi wa Keko, ikabaki tupu.

Hesabu ilikuwa nzuri. Mchana wa Jumamosi ile akaenda nyumbani kuoga, akakuta maji tayari kwenye ndoo na shati limeshanyooshwa, ila Mauwa mwenyewe hayupo. Hakuuliza, alikuwa na haraka, kama kawaida yake. Aliporudi ukumbini akapita harakaharaka akikagua kuta, na alipofika ukuta wa mwisho, miguu yake, ambayo haikuwahi kumgomea, ikamgomea.

Mauwa alikuwa amesimama pale ndani ya fremu ya Keko, mlangoni mwa msikiti wa baba yake, anamtazama.

"Imepatikana!" Gozbert alisema nyuma yake, amefurahi kama mtu aliyeokota mbuzi. "Na ukaniambia imeharibika. Nimeipa ukuta wa peke yake."

"Ina mtu!" Fakihi akasema. "Ndugu Gozbert, ina mtu, huoni?"

"Mmoja tu. Tena yuko kivulini, nani atamwona?"

"Nani kaileta?"

Lakini Gozbert alikuwa ameshakimbilia mlangoni, wageni wanaingia. Fakihi akashika fremu kuishusha. Mafundi wa Keko wakipigilia kitu, wamepigilia, haikutikisika. Akajaribu kucha, akajaribu ufunguo wa studio. Kisha akasikia sauti mlangoni, "Asalaam aleikum," sauti aliyokuwa akiisikia ndotoni kwa miaka, na hakuwa na la kufanya ila kugeuka na kuegemeza mgongo wake kwenye picha.

Maalim Kondo alikuwa amezeeka. Kanzu ilikuwa nyeupe vilevile, ndevu ndizo zilizobadilika rangi. Alisimama mlangoni, na kwa kuwa kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake kilikuwa picha ya msikiti wa Ijumaa, mlango umefunguliwa na mikeka inaonekana, akainama akavua makubadhi yake. Ni mazoea tu, mwili ulivua kabla kichwa hakijafikiri. Aliyekuwa nyuma yake akamwona maalim amevua, naye akavua. Wa nyuma akavua. Mapadri walikuta viatu vimejaa wakatazamana, wakaona ubishi wa nini, wakafungua kamba za viatu vyao. Mkuu wa wilaya alipofika, mlango wote ulikuwa viatu, na hakuna aliyethubutu kumwambia si lazima. Akavua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia hadhara ya wananchi, na nakuapia watu walimpenda zaidi siku ile kuliko siku zote alizowahutubia.

Fakihi hakucheka. Alivua vyake kwa visigino palepale, akabaki ukutani, mikono nyuma, kifua mbele, kama mteja wake mwenyewe mbele ya pazia la ndege. Dua ikasomwa, akaitikia amina kutoka palepale. Padri akasali. Mkuu wa wilaya akahutubia juu ya umoja na kujitegemea. Sambusa zikapita, zikampita. Gozbert akatangaza, "Na sasa tumwombe fundi wetu aje mbele tumpigie makofi!" na Fakihi akapunga mkono kutoka mbali, kama mtu aliye ndani ya treni. Watu wakasema ameona haya. Mtu asiyetulia dakika moja, na leo amegandishwa ukutani! Ndani yake kila kitu kilikuwa kinakimbia. Aliogopa. Kama mzee ataiona, atasema nimemtega, nimemleta kwa uongo aje kuona binti yake amefanywa pambo kwenye mlango wa msikiti wake. Atatoka, na safari hii hata mtoto akizaliwa hatapelekewa habari.

Wageni wakaanza kuzunguka. Maalim Kondo alikwenda picha moja baada ya nyingine, polepole, anasogeza uso karibu kwa sababu ya macho. Fakihi alimsikia akimwambia padri, "Angalia, hakuna mtu hata mmoja. Huyu mpigaji ana adabu." Neno hilo lilimchoma kuliko matusi. Mzee alikuwa anakuja upande wake, bado hajamtambua.

Gozbert akamjia kwa siri, amechukia. "Ndugu yangu, sogea basi, unaziba picha nzuri kuliko zote. Na mkeo alivyohangaika kuileta!"

"Mke wangu?"

"Si ndiye kaileta mchana huu? Kaja nayo kwa miguu, anahema, na hali yake ile. Kasema umeisahau uvunguni. Kasema iwekwe mahali mzee wa Chanika hataweza kuikosa."

Fakihi alikasirika kwanza. Mwanamke huyu, siku nzima yeye anahangaika kumficha, kumbe mwenyewe anatembea juani kujipeleka! Kisha hasira ikaisha ghafla, ikamwacha na kitu kizito zaidi. Alikumbuka ndala zilivyopangwa kizingitini. Mauwa hakusimama pale kwa ajili ya kamera, wala kwa ajili ya maonyesho. Alikuwa amesimama mbele ya baba yake. Alikuwa amebisha hodi, na yeye Fakihi, kwa uoga wake, ndiye aliyekuwa ameziba mlango.

Akasogea pembeni.

Maalim Kondo akainua macho na kumwona. Uso ukajifunga.

"Kumbe ni wewe."

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Aligeuka kama mtu anayetaka kuondoka, na katika kugeuka jicho lake likapita ukutani. Likarudi. Mlango wa mninga aliochonga baba yake angeutambua hata gizani. Akasogeza uso. Alianzia chini, kwenye kizingiti, akakaa hapo muda mrefu.

"Kavua ndala," akasema, si kwa Fakihi, si kwa mtu.

Macho yakapanda taratibu, kanga, mikono, shingo, yakafika usoni. Fakihi alisubiri sauti ipande. Alikuwa tayari kusema kosa ni lake, amekata picha zote ila hii, alaumiwe yeye. Watu waliokuwa karibu walihisi kuna jambo wakaanza kusogea mbali.

"Mbona amekonda?" mzee akauliza.

"Ana mimba, baba. Miezi mitano. Chakula hakikai."

"Ya kwanza?"

"Ya tatu. Mbili hazikufika."

Maalim Kondo alikunja ncha ya kilemba chake, akaikunjua, akaikunja tena. Habari hizo hakuna aliyempelekea. Aliyekatazwa kutajwa hatajwi kwa heri wala kwa shari. Mkono wake ulinyanyuka kuelekea kwenye picha, ukaishia njiani, kwa sababu alikuwa ni yuleyule, na sura ni sura.

"Hii mie siitaki," akasema. "Unanielewa? Hata ukinipa bure siichukui, siitundiki kwangu."

"Naelewa, baba."

"Nataka mwenyewe. Sie kwetu mtoto wa kwanza hazaliwi kwa mwanamume, anazaliwa kwa bibi yake. Mama yake atamwandalia chumba. Mlete Chanika mapema, kabla hajawa mzito, asije akarushwarushwa na malori." Akavuta pumzi. "Na lile likamera lako uliache hukohuko Temeke."

Alianza kwenda mlangoni. Fakihi akamtangulia, sasa miguu imerudi, akapiga magoti kwenye lile rundo la viatu vya taifa zima akitafuta makubadhi. Akayapata chini ya buti za padri, akayapangusa kwa mkono wa shati lake jipya, akayapanga yakitazama nje. Mzee akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akimshika Fakihi begani ili asiyumbe. Mkono ulikuwa mwepesi sana. Akatoka mpaka ngazini, kisha akasimama bila kugeuka.

"Marahaba," akasema.

Fakihi hakukumbuka kuaga. Hakukumbuka kamera, hakumkumbuka Gozbert aliyekuwa akimwita apige picha ya wageni rasmi. Walimwona akivuka uwanja mbio, anakatiza kwenye mihogo ya watu kuelekea nyumbani, na miguu yake haina kitu. Viatu vyake mlinzi wa ukumbi aliviweka dirishani, na hakuja kuvichukua mpaka Jumatatu.